Kuku kaatamia, nimwache au nimtoe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na sie tunaofuga uani

Assalaam alaykum. Miye nafuga kuku wa kienyeji uani kwangu Fuoni, Unguja, saa hizi nna mitetea 17 na majimbi (majogoo) 2, na mama yangu kule Wete, Pemba, anafuga tangu sijazaliwa. Haya maswali naulizwa na majirani, na mashoga, na watu wa harusini, kwa hivyo nimeamua kuyaandika yote pamoja. Jibu langu kubwa nalitanguliza kabisa: kuku akianza kuatamia amua mapema, unataka vifaranga au unataka mayai. Hasara karibu zote nilizoziona hazikutokana na kuku kulala, yaani kuatamia, zimetokana na mwenyewe kutoamua, kuku anakaa wiki tano juu ya mayai viza au juu ya udongo mtupu, anakonda, hatagi, na mwisho hakuna kifaranga wala yai.

Nitajuaje kama kaatamia kweli au anataga tu?

Anayetaga anakaa kiotani nusu saa, pengine saa nzima, akitoka anapiga kelele mtaa wote ujue. Anayeatamia yuko kimya. Asubuhi yupo, adhuhuri yupo, magharibi wenziwe wanapanda kulala juu yeye kabaki palepale. Ukimsogelea anajitutumua manyoya anakuwa mkubwa mara mbili, anakoroma krrrr, na anakudona mkono hata kama ni yule mpole unayemlisha kiganjani. Mwinue taratibu utizame kifuani, utakuta kajinyonyoa manyoya, ngozi iko wazi na ukiigusa ni ya moto, hiyo ndiyo anayoigusisha mayai. Upanga wa kichwani nao unapauka.

Chengine kinachowatisha watu ni kinyesi. Kwa vile anabana karibu siku nzima, akitoka anaangusha donge moja kubwa kama ndimu na harufu yake utaikimbia. Hilo si tumbo la kuendesha wala si ugonjwa, usikimbilie dawa.

Kabla hujamwekea mayai ya maana mjaribu siku mbili usiku na mchana na yai moja au mawili ambayo huyaonei uchungu. Akiwa bado kaganda, huyo kaamua.

Mbona kuku wa jirani wanalala kila mara na wangu hawajawahi?

Inategemea damu. Mwili wa kuku ukifika wakati wake unatoa homoni inayoitwa prolaktini, ndiyo inayomsimamisha kutaga na kumtia hamu ya kulalia. Kuku wa kisasa wa mayai wamechaguliwa vizazi kwa vizazi wale wasiolala, kwa hivyo tabia hiyo imewatoka, na kuku chotara kama Kuroiler na Sasso nao ni nadra kuwaona wakiatamia. Kuku wetu wa kienyeji, wa kishingo, wa kibwenzi, kidimu wa manyoya yaliyopinda, hao bado wanalala, wakishataga mayai 10 mpaka 15 hivi utasikia wamejibandika. Kuchi analala pia ila ni mzito na miguu mirefu, kuchi wangu mmoja alivunja mayai manne kwa kuingia na kutoka tu, tangu siku ile mayai yake nampa mtetea mdogo wa kienyeji alalie yeye.

Na ukiyaacha mayai yarundikane kiotani unamwita alale. Kuku akiona kiota kimejaa moyo unamvuta. Ukiokota kila siku ukaacha moja tu la alama, wengi wataendelea kutaga kidogo zaidi, si wote.

Sina jimbi, je mayai yake yatatoa vifaranga?

Hayatoi. Yatalaliwa mpaka yaoze. Na mayai ya dukani yale ya treyi, yanayotoka kwenye mabanda ya kuku wa kisasa, hayo hayana jimbi kabisa, ya kula tu. Kama huna jimbi kaombe au kanunue mayai kwa mtu mwenye jimbi, jimbi mmoja kwa mitetea 8 au 10 anatosha. Ikiwa ulikuwa nae ukamchinja juzi, mtetea anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku 10 hivi, mengine yanafika wiki mbili, baada ya hapo usitegemee.

Nimwekee mayai mangapi, na nayaweka wapi wakati nasubiri?

Mtetea wa kienyeji wa kawaida 10 mpaka 12. Kipimo changu ni macho tu, akikaa hakuna yai linalochungulia nje. Watu wanaweka 18 wakidhani watapata vifaranga 18, kumbe kila akiyageuza mengine yanatoka pembeni yanapoa, kesho yanarudi katikati yanatoka mengine, mwisho umepoteza mpaka yale ambayo yangekuwa salama.

Ya kusubiri yasizidi siku 7, ikizidi sana 10. Joto la kwetu la Kaskazi, Januari na Februari, ndilo adui, yai likikaa chini ya bati kijusi kinaanza kuamka kabla ya wakati kisha kinakufa na wewe hujui. Mama yangu anayaweka kwenye ungo wenye mchanga mkavu karibu na mtungi wa maji, chumba cha ndani, ncha iliyochongoka iangalie chini, na mimi nafanya hivyohivyo ila nayageuza kidogo kila nikipita. Usiyaoshe, yai lina utando wake wa juu unaozuia vijidudu. Machafu sana yakaange uwape watoto. Lenye ufa, lenye umbo la ajabu, dogo kupita kiasi, usiweke.

Weka yote kwa pamoja, usiku mmoja. Ukiongeza mawili leo matatu keshokutwa, vifaranga wa mwanzo watatoka, mama atainuka nao, na yale ya nyuma yatakufa yakiwa na mtoto ndani kashaota manyoya. Hili nimeliona mara nyingi na linaniuma kila mara.

Kalala pahala pabaya, chini ya mgomba au nyuma ya choo. Namhamishaje?

Usiku, baada ya isha, wala si mchana. Tayarisha kiota kipya kwanza, kisha mchukue yeye kwa mikono miwili mbawa zikiwa zimebanwa, mwengine abebe mayai kwenye pakacha au bakuli lenye kitambaa, mnakwenda bila ya tochi kali. Mfunike na tenga siku nzima ya kesho na maji na chakula ndani ili asirudi kule alikotoka, maana mchana akipata mwanya atarudi palepale na atakaa juu ya udongo na mayai yako yanapoa huku. Ndiyo maana bora umhamishe wakati anajaribiwa na mayai ya uwongo, kabla ya kumpa yenyewe. Wazee wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba inasaidia kweli kwa aliyetoka nyumba nyengine, ila ya kumfunga anayeatamia iwe ndefu, isije ikazunguka mayai.

Kuna wanaojificha wenyewe kabisa. Mwaka jana mtetea wangu mweusi alipotea, nikasema basi kashaliwa, wiki ya nne naona katoka kwenye vichaka vya mbaazi za jirani na vifaranga 9. Lakini usiitegemee bahati hiyo.

Kiota kizuri kikoje?

Penye kivuli, kimya, pasipopita mvua, pa kuingia kuku mmoja tu. Pakacha kuukuu, boksi la kadibodi, au sanduku la mbao. Chini natia udongo mkavu uliochanganywa na majivu kidogo, nafanya shimo dogo kama sahani ili mayai yakusanyike katikati, juu majani makavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa laini. Masika usiweke chini kabisa kwenye sakafu, unyevu unapanda.

Anakula saa ngapi? Mbona simwoni akitoka?

Anatoka mara moja kwa siku, wengine mbili, dakika 15 mpaka 30, anakula mbio, anakunywa, anajigaragaza vumbini anarudi. Mayai hayadhuriki kwa muda huo. Mwekee chakula karibu lakini si ndani ya kiota, akichafua mayai yanaoza. Mtama au chenga za mchele ni nzuri kuliko pumba za majimaji, na maji safi kila siku hayana mjadala. Machicha ya nazi yasiwe yamelala, yakichacha yanaharisha. Akiwa haondoki kabisa siku ya pili, mtoe kwa mkono umweke kwenye chakula, lakini kwanza papasa chini ya mbawa, mara nyengine yai limebanwa pale na ukimnyanyua linaanguka juu ya mengine.

Kumulika mayai kuna faida gani na nafanyaje?

Faida yake ni usimtese kuku wiki tatu kwa mayai yasiyo na kitu. Siku ya 7 usiku, zima taa zote, washa tochi ya simu, fanya pete kwa kidole gumba na cha shahada juu ya mwanga, weka yai pale upande wa butu. Yai zima utaona kama buibui mwekundu, doa jeusi katikati na mishipa midogo imetawanyika, na ukitulia utaona lile doa linacheza. Mara ya kwanza kumuonesha mwanangu wa kike alinyamaza muda mrefu kisha akaniuliza kama yule anatuona na sie. Lililo jeupe tupu halina mbegu, litoe. Lenye pete ya damu bila ya mishipa limekufa njiani, toa pia.

Rudia siku ya 14, hapo lote ni giza isipokuwa ile nafasi ya hewa juu. Likichezacheza ndani kama maji ni viza, litoe upesi maana yai viza likipasuka kiotani linaharibu yote. Kuanzia siku ya 18 usimulike, usiguse, mama anazungumza nao.

Siku 21 zimefika hakuna kitu. Nivunje?

Usivunje! Hesabu vizuri kwanza. Siku ya kwanza ni ile alolala nayo usiku mzima. Ukimlazia Ijumaa usiku, tegemea Ijumaa ya tatu, na wengine wanatoka Alhamisi, wengine Jumamosi. Ikiwa mayai yalikaa sana kabla ya kulaliwa yanachelewa. Mngoje mpaka siku ya 23.

Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua masaa 24 kumaliza, na katikati anapumzika muda mrefu kimya kabisa. Huko ndani anavuta kiini tumboni na damu ya kwenye utando inarudi mwilini. Ukimbandua kwa huruma anatoka na damu na anakufa mkononi. Nilifanya hivyo kwa wawili mwaka wa kwanza, wote walikufa, sijarudia.

Usiwe na wasiwasi wa chakula pia, kile kiini alichokivuta kinamtosha siku mbili. Waache chini ya mama wakauke.

Sitaki vifaranga, nataka mayai. Namtoaje kwenye kulala?

Anza mapema, siku ya kwanza au ya pili. Aliyelala siku 2 anatoka upesi, aliyelala wiki mbili ni kazi.

Kinachomshikilia ni joto la tumboni na giza la kiota. Kwa hivyo mpe kinyume chake, upepo chini ya tumbo na mwanga. Miye natumia dema kuukuu la shemeji yangu, lile la kuvulia samaki, nimeliweka juu ya matofali manne uani chini ya mwembe, kuku namtia humo bila ya majani bila ya kitambaa, upepo unapita chini, wenziwe anawaona, chakula na maji anayo kwa ukamilifu. Huna dema, tundu la fito linafaa, au raki ya friji bovu iliyofungiwa waya pembeni. Juu pawe na kivuli, si kumbanika jua la mchana. Usiku yumo humohumo ila pawe pamefungwa vizuri, ngawa na paka wasimfikie.

Siku 3 usiku na mchana. Ya nne mfungulie asubuhi umtizame. Akikimbilia kuparua na wenziwe, kapona. Akikimbilia kiotani moja kwa moja, mrudishe siku 2 nyengine. Na wakati huo kiota alichokuwa akilala kifunge kabisa, wengi wanasahau hili halafu wanasema njia haifanyi kazi. Akishatoka kwenye hamu atarudi kutaga baada ya wiki moja mpaka mbili, mpe dagaa kidogo au mchwa, kakonda huyo.

Nimeambiwa nimchovye kwenye ndoo ya maji, au nimpitishe unyoya puani. Ni kweli?

Nawaomba, muache. Unyoya puani unamuumiza na kumziba pumzi, anaacha kulala kwa sababu yuko katika mateso, na anaweza kupata maradhi ya njia ya hewa. Kumfunga mguu juani bila ya maji ni dhulma. Kumchovya mpaka arowe anapata baridi, hasa Kipupwe, na saa mbili baadae kakauka karudi kulala. Dema na upepo kwa siku tatu inafanya kazi hiyohiyo na hakuna aliyeumia.

Radi inaua mayai? Niweke msumari au kipande cha mkaa kiotani kuikinga?

Msumari haumdhuru wala haumsaidii. Kinachoua mayai wakati wa mvua kubwa ni kiota kurowa na kuku kukurupuka akaondoka. Ziba bati.

Mitetea miwili imelala kiota kimoja, niwatenganishe?

Ndiyo, siku hiyohiyo, la sivyo wanasukumana, mayai yanavunjika na mengine yanabaki katikati hayana mwenyewe. Lakini kuku wawili kulala wakati mmoja ni neema ukijua kuitumia. Walaze usiku mmoja, kila mmoja na mayai yake 10, tia alama ya penseli ili wengine wakija kutagia mle uyatoe yale mageni. Siku ya 7 ukimulika ukakuta huyu ana 6 na yule ana 5, yote 11 mpe mmoja na yule mwengine mtie kwenye dema arudi kutaga. Au wote waangue, kisha vifaranga wote mpe mama mmoja usiku uleule, wakiwa 15 hivi anaweza. Yule mtetea wa kwanza akilala kabla ya mwenziwe, mchelewesheni na mayai ya uwongo siku tatu nne mpaka wa pili awe tayari.

Si bora ninunue inkubeta?

Ukiwa na mayai 100 kwa wiki, nunua. Ukiwa na kuku 10 uani, mama wa kuku hana bili. Anayekumbuka Unguja ilivyokaa gizani mwaka 2008 karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawezi kuamini umeme tu kwa kitu kinachotaka joto siku 21 bila ya kukatika. Siku hizi ni afadhali sana, na Pemba ina waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ila hata masaa sita yanatosha kukuharibia. Na mashine ikishaangua kazi ya kuwapasha joto ni yako wewe, kuku anaangua na analea.

Naweza kumpa vifaranga wa kununua?

Unaweza, wakiwa wa siku moja au mbili, na mama awe kalala si chini ya wiki mbili. Usiku wa giza, toa mayai moja moja na kwa kila yai ingiza kifaranga kutokea nyuma, chini ya mbawa. Utasikia anaanza ile sauti ya chini ya ko ko ko, hapo kakubali. Alfajiri uwe umeshaamka, uone. Akidona hata mmoja kichwani watoe haraka.

Na mayai ya bata au kanga?

Kanga siku 26 mpaka 28, na kuku anamlea kanga vizuri kuliko kanga mwenyewe anayewazungusha watoto kwenye umande mpaka wanakufa. Bata mzinga 28. Bata wa kawaida wa kwetu, yule mwenye uso mwekundu wenye nyama, ni siku 35, na hapo namuonea huruma kuku, wiki mbili za ziada bila ya kula vizuri. Kama lazima, mpe mayai 5 au 6 tu na mlishe sana.

Siafu, utitiri, kunguru: nawazuia vipi?

Siafu nnawaogopa kuliko vyote. Masika moja kuku wangu alikuwa kalala siku ya 19 kwenye kona ya ukuta, usiku nikasikia wenziwe wanahangaika lakini yeye sikumsikia kabisa, nikasema paka tu wanapita, nikalala. Asubuhi nimekuta kafa juu ya mayai 11, hakuinuka. Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi. Tangu hapo kila kiota changu kiko juu ya kigoda na kila mguu wa kigoda uko ndani ya kopo la maji yenye mafuta machafu juu, ukuta haugusi, jani haligusi. Na nikisikia kuku wanahangaika usiku naamka.

Utitiri ni polepole lakini unamfukuza kuku kwenye mayai au unamkausha damu. Mpapase chini ya mbawa na kwenye kinyeo usiku wa kwanza, mpake dawa ya unga ya utitiri kabla hajalala na si katikati. Kiotani natia majani makavu ya mwarobaini yaliyopondwa na majivu. Kila ukimaliza kuangua kiota kile kichome moto, usikitumie tena.

Kunguru hawa wa shingo ya kijivu si wa asili yetu, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka, na sasa ni sie tunaolipa. Wanakuja wawili, mmoja anamchokoza mama mbele, mwengine anachukua mtoto nyuma. Wiki tatu za mwanzo vifaranga na mama yao nawaweka ndani ya tenga kubwa au chini ya neti kuukuu ya nyavu, natoa magharibi kidogo nikiwa nimekaa mwenyewe. Mwewe vilevile. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe ndani, kifaranga anazama hata kwenye maji ya kina cha kidole.

Chanjo ya kideri nimpe akiwa kalala?

Mpe kabla. Ile chanjo ya kideri inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni na inarudiwa kila baada ya miezi 3, kwa hivyo ukiona kashataga mayai kama 8 ujue kulala kunakaribia, mchanje wakati huo. Iliyobaki kwenye kichupa kilichofunguliwa usiiweke kwa ajili ya wiki ijayo. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako lini wanapita, na kubalianeni mtaa mzima siku moja, maana kuku wako wakichanjwa na wa jirani hawakuchanjwa vifaranga wako wadogo bado wako hatarini. Vifaranga nao wana ratiba yao, muulize hukohuko.

Vifaranga niwatenganishe na mama lini?

Ukimwacha mwenyewe atawalea wiki 8 mpaka 12, kisha utaona anaanza kuwadona wakimsogelea na usiku anapanda juu peke yake. Kwa mpango huo utapata duru tatu kwa mwaka. Ukitaka zaidi watoe wakiwa na wiki 4, manyoya ya mbawa yashaota, lakini uwe na sanduku la kuwalaza lisilopitisha upepo na chakula cha vifaranga cha dukani, si chenga tupu. Watoe wote pamoja, usibakishe mmoja. Mpeleke mama upande ambao hawasikii, siku mbili za mwanzo watalia na yeye atawaita, usirudi nyuma. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, waongezee wiki mbili kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Usiku wa kwanza watarundikana kona moja wakandamizane, kwa hivyo ziba kona za sanduku kwa kadibodi liwe la duara, na kabla hujalala nenda kawatizame mara moja.